Tumbo la Baba Lililodunda

Kikombe cha chai kilikuwa kinaruka juu ya tumbo la baba yangu, na hakuna aliyekigusa.

Baba, mzee Mogesi, alikuwa amelala chali uani kwetu Itiryo. Kila kikombe kilipopanda, alicheka.

"Njoo uone, mura, kijana wangu. Nimeota moyo wa pili."

Mama hakucheka. Mama yangu, Mokami, amefuga ng'ombe maisha yake yote. Akitaka kujua kama jike ana ndama tumboni, humsukuma ubavuni kwa ngumi, kisha husikilizia kwa mkono. Akapiga magoti, akamsukuma mumewe vilevile.

"Kuna kitu kinajibu," akasema. "Ungekuwa ng'ombe, ningekwisha kukutenga na madume."

Tangu hapo, kila jioni akawa anamsukuma, eti kitu kishuke kitoke.

Mimi nilisomea historia, si tiba. Hata hivyo, ngumi zile zilininyima usingizi. Nikamsihi baba twende hospitali. Akagoma. Aliogopa kicheko cha mdogo wake, Zablon.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Baba mdogo alipopata habari, alijileta mwenyewe, kiko cha tumbaku mdomoni.

"Kaka, leba nitakusindikiza mimi. Nani mwingine atakushika mkono?"

Akatusindikiza kweli. Kwenye benchi la kipimo cha picha ya tumbo tulikuta wajawazito watupu.

"Shikamoo baba," mmoja akamwamkia baba, akimsogezea nafasi.

"Mpe na mto, mwanangu," Zablon akadakia. "Huu ndio uzazi wake wa kwanza."

Baba akainuka arudi nyumbani. Nilimshika koti.

Daktari Lilian, dada mpole, alipitisha kifaa juu ya tumbo la baba, akatugeuzia kioo cha mashine.

"Mzee, huu si moyo. Ni mshipa mkuu wa damu. Ukuta wake umelegea, umetuna kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Tumbaku, presha na umri huuchosha. Ukipasuka, wengi hawafiki hospitali."

"Mke wangu huusukuma kwa ngumi."

Daktari akavua miwani. "Aache leo."

Baba aliepuka kisu. Uvimbe ulikuwa bado mdogo: ameze dawa za presha, aachane na tumbaku, arudi kupimwa mara kwa mara.

"Na ndugu wa damu wapimwe pia," daktari akaongeza. "Tatizo hili hutembea katika familia."

Zablon akavua shati, akapanda kitandani. "Haya. Muone tumbo la mwanaume."

Daktari akapima. Akapima tena.

"Baba, mshipa wako umetuna kuliko wa kaka yako. Wewe huwezi kusubiri."

"Lakini mimi siumwi popote."

"Ndivyo ulivyo ugonjwa huu."

Baba, ambaye angeweza kulipiza kwa neno moja tu, akamshika mdogo wake mkono.

Zablon akapelekwa Mwanza. Wapasuaji wakaweka mrija bandia mahali palipotuna. Alirudi amekonda, hana kiko, na ana adabu ambayo ukoo mzima bado unaitilia shaka.

Ewe unayesoma, mshipa huu hutuna kimyakimya. Kama una mzee aliyevuta tumbaku miaka mingi, mpeleke akapimwe kabla hajalalamika. Baba yangu mdogo alikwenda hospitali ili amcheke kaka yake, akapona. Hiyo ni bahati, wala si utaratibu wa matibabu.