Gesi Niliyosema Imeibwa

Mama yangu alikuja kukaa nami Isiolo baada ya presha kumlaza hospitalini mara mbili. Alitoka upande wa Meru wenye baridi, ambako watu huvua sweta saa nne asubuhi, na joto la huku lilimsumbua tangu siku ya kwanza. Kila mwezi nilimpeleka kliniki Meru kwa gari langu dogo. AC ilipoacha kupoza, sikungoja, nilitafuta fundi siku hiyo hiyo.

Walimu wenzangu walinielekeza kwa mzee mmoja Mborana aliyekuwa na gereji ya mabati nyuma ya soko la mifugo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Hakukimbilia kujaza gesi kama nilivyomtaka. Alipaka povu la sabuni kwenye mabomba, kiungo kwa kiungo, mpaka akaona mahali ambapo povu linafura.

"Hapa ndipo gesi inapovuja," akasema. "Nikijaza bila kuziba, mwezi ujao utarudi hapa tukigombana."

Akabadilisha mpira mdogo wa kile kiungo, akajaza gesi, nikaondoka na vidole baridi kwenye usukani. Mama alisema anahisi kama yuko kwake.

Wiki chache baadaye mvua ikanyesha, nami nikatumwa Garbatulla kusimamia mitihani. Nyasi zilikuwa zimeota hadi katikati ya barabara. Mbegu zake na vipepeo weupe vilijaa mbele ya gari kiasi kwamba injini ilianza kuchemka. Dereva wa lori niliyekutana naye kwenye soko la kule akanishauri nifunge wavu mbele ya rejeta. Nikanunua kipande cha wavu wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, nikaufunga kwa waya nyuma ya grili kwa mikono yangu mwenyewe. Niliporudi Isiolo nilikuwa na mambo mengi, nikausahau. Mvua ikaisha, vumbi likarudi kama kawaida.

AC ikaanza kudhoofika pole pole. Kwenye barabara kuu iliyo wazi ilipoza kidogo. Nikisimama mjini, kwenye msongamano wa pikipiki na magari ya miraa, ilipuliza hewa ya moto. Siku moja ya Machi, tukiwa tumekwama karibu na soko, mama akalegea kwenye kiti. Midomo ilikuwa imekauka na hakunijibu nilipomwita. Nikafungua milango yote, nikammwagia maji kichwani, na mwanamke mmoja muuza maziwa akanisaidia kumpepea kwa kanga yake. Mama alipofumbua macho na kuuliza kama tumefika, hofu yangu yote ikageuka hasira, na hasira ikatafuta mtu. Gereji ilikuwa hatua chache tu kutoka pale.

Niliingia na gari nikipiga honi. Kulikuwa na wateja wanne au watano kwenye benchi. Fundi akaja akasimama mbele ya gari, akifuta mikono.

"Karibu mwalimu. Shida ni nini?"

"Shida ni wewe," nikasema. "Uliniwekea gesi gani? Mama yangu karibu afie ndani ya gari."

Akamtazama mama, akampa pole kwanza. Kisha akainama kidogo, akaangalia mbele ya gari, akainuka. "Fungua boneti, mwalimu. Ama uingie ofisini kidogo, tuongee."

"Nifungue ndiyo umalizie kuiba ile iliyobaki?"

Nilisema hivyo kwa sauti ya darasani, ile inayofika hadi dawati la mwisho. Wale wa benchi wakageuka kunitazama. Mama, dhaifu vile alivyokuwa, akanigusa mkono akaniambia kwa Kimeru nimwache mtu afungue boneti. Sikumsikiliza. Nikarudi nyuma, nikaondoka. Jioni ile nikaandika kwenye grupu letu la walimu, kwenye simu: tahadharini na fundi wa nyuma ya soko la mifugo, anaiba gesi na kuuza hewa. Watu wakanishukuru. Wengine wakautuma ujumbe kwa magrupu yao, ya kanisa, ya chama, ya wafanyakazi wa kaunti. Nilijisikia nimetenda jema.

Mwezi uliofuata, mama akiwa kliniki Meru, nilipeleka gari kwa fundi wa kule. Aliniuliza swali moja tu.

"Ukitembea inapoa, ukisimama inaleta joto?"

"Ndiyo."

"Basi gesi haina makosa. Kuna kitu kinazuia hewa huku mbele."

Akaingiza mkono nyuma ya grili, akavuta, ukatoka wavu wangu. Ulikuwa umeziba kwa vumbi na mbegu za nyasi, mzito kama kipande cha gunia.

"Nani alifunga hii?" akauliza.

"Sijui," nikamjibu.

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na najua jinsi mtoto anavyosema "sijui" huku akitazama pembeni. Nilitazama pembeni vivyo hivyo. Alisafisha mbele kwa maji, akapima gesi, akasema yule aliyeijaza aliijaza vizuri. Tulirudi Isiolo na baridi mpaka mama akaomba leso ajifunike. Aliniuliza ilikuwa nini. Nikamwambia uchafu tu.

Ningeweza kwenda kwa yule mzee kesho yake. Nilikaa wiki sita. Nilijiambia amesahau, kisha nikajiambia labda hata ule ujumbe haukumfikia. Nilianza kupita barabara ya upande wa pili nikienda sokoni. Mwishowe ni mama aliyenitoa nyumbani. Aliniuliza kwa upole kama niliwahi kurudi kuongea na yule mtu aliyempa pole.

Nilikwenda asubuhi, peke yangu. Benchi lilikuwa tupu. Mzee alikuwa amefungua pampu ya maji ya mfugaji kutoka kijiji cha Kipsing, vipande vimepangwa juu ya gunia.

"Salaam aleikum," nikasema.

"Aleikum salaam, mwalimu. Mama anaendeleaje?"

Swali hilo ndilo lililonimaliza. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: wavu, Garbatulla, fundi wa Meru, na kile nilichoandika. Alisikiliza bila kuacha kufuta chuma kilichokuwa mkononi.

"Niliuona," akasema.

"Uliona nini?"

"Ule wavu. Siku ile nilikuwa nimesimama mbele ya gari. Ulionekana."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa na mama yako, na watu walikuwa wengi. Ningekuonyesha pale, ungeaibika mbele yake. Ndiyo maana nikasema uingie ofisini. Hukuingia."

Nilimwomba msamaha, naye akasema amesamehe, lakini hakutabasamu, na sikuwa na haki ya kumdai tabasamu. Nikamuuliza nifanye nini.

"Andika pale pale ulipoandika," akajibu, akainamia pampu yake.

Nikaandika nikiwa bado gerejini, nimeketi kwenye gari. Nilisema wavu niliufunga mimi, gesi haikuibwa, fundi alifanya kazi safi, na mimi nilimsingizia. Mwalimu mmoja akaweka alama ya kidole gumba. Mwingine akauliza kama mkutano wa Ijumaa bado upo. Sijui kama kuna mtu aliyeutuma ujumbe huo mahali pengine.

Gari langu nalipeleka kwake mpaka leo, hata kwa kubadilisha balbu. Siku nyingine nakuta wateja wawili, siku nyingine hakuna. Wiki jana mfanyakazi mwenzangu mgeni alilalamika katika chumba cha walimu kuwa AC ya gari lake ni dhaifu. Nikamtajia gereji ile.

"Huyo?" akasema. "Nilisikia huiba gesi."

Nikamwambia ni mimi niliyeyasema maneno hayo, na hayakuwa ya kweli. Nikamweleza kuhusu wavu, mbele ya wote waliokuwa wakinywa chai. Alinisikiliza kwa heshima. Jumamosi alipeleka gari lake Meru.