Kiti cha Mwenyeji

Siku ya kwanza niliiona miguu yake kabla ya uso. Nilikuwa nimepiga magoti napigilia misumari chini ya kochi, nikaona viatu vya turubai visivyo na kamba vikishuka ngazi, kisha suruali iliyochakaa magotini, kisha kiti. Alikuwa amejitwika kiti kichwani, kichwa chini miguu juu, na magurudumu yake yalikuwa yakizunguka yenyewe kila aliposhuka ngazi moja. Uso ulikuja mwisho. Ulikuwa uso wa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinashauriana kama zitoke au zingoje.

"Shikamoo, mjomba. Kiti hiki kinanizamisha."

Mimi ni fundi wa makochi. Kibanda changu kipo chini ya ngazi za jengo la ghorofa, na juu yangu kuna ukumbi wa michezo ya kompyuta. Kwa miaka nilikuwa nikisikia vishindo na vicheko vyao bila kupanda hata siku moja. Sijazoea kuingia penye watu wengi. Nikisalimiwa na wanne kwa pamoja, nasahau niitikie nani kwanza.

Kiti chake kilikuwa cha aina ile inayopanda na kushuka kwa gesi, na gesi ilikuwa imekwisha. Alinieleza kwamba anaanza mchezo akiwa sawa na wenzake, na ukifika mahali patamu kidevu chake kimeshafika mezani. Jirani yangu mshonaji, tunayemwita Mama Pindo, alicheka mpaka akajichoma sindano.

Gesi mpya haikupatikana. Nikamkalisha, nikampima kutoka unyayo hadi goti, nikakata kipande cha bomba la chuma na kukivisha kwenye mguu wa kiti ili kisishuke kupita hapo. Nilimwambia mapema kwamba hakitazama tena, ila na kupanda ndiyo basi. Akakaa, akajizungusha, nyayo zikagusa sakafu sawasawa. Alifurahi kama mtu aliyeshonewa suti.

Walimwita Kigingi. Katika mchezo wao watu watano hupambana na watano kwenye skrini, kila upande una lango lake, na anayelibomoa lango la mwenzake ndiye mshindi. Katikati kuna daraja. Yeye alikuwa anasimama darajani, na akisimama hang'oki, waje wawili, waje watatu. Jina hilo hakupewa, alilitolea jasho.

Alikuwa amelelewa na shangazi yake, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyemchukua akiwa bado anabadilisha meno. Shangazi alikuwa akisema kwamba mtoto wake anakula umeme tu na umeme haunenepeshi. Kisha timu ya ukumbi ikaingia ligi ya kanda. Meneja wa timu akawahamishia wachezaji vyumba vya juu ya ukumbi wakae pamoja, akamwajiri shangazi awe mpishi wao. Tangu hapo shangazi aliacha kuuita mchezo upuuzi. Akawa anasema, "Mtoto yuko kazini, msimpigie kelele."

Halafu wakaja wageni.

Walikuwa watatu, kutoka nchi ambayo mchezo huo wanauanza wakiwa wadogo kabisa. Mmoja tulimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno la kwanza alilojifunza na alilitumia kwa kila kitu: kusalimia, kushukuru, hata kukataa chumvi. Sheria ya ligi ilitaka kila timu iwe na wenyeji wasiopungua wawili kati ya wale watano. Basi meneja akawabakiza Kigingi na rafiki yake mmoja mwenye kichwa cha mviringo, aitwaye Tikiti. Wenyeji wengine watatu walishuka ngazi na mabegi yao, mmoja baada ya mwingine, mbele ya kibanda changu.

Taratibu akawekwa darajani. Kigingi akapelekwa nyuma, langoni kwao wenyewe, na maagizo aliyopewa yalikuwa mafupi: akae pale, asiguse kitu. Hawakushindanishwa. Ilikuwa kama mtu anavyohamisha kabati.

Timu ilianza kushinda, na ikashinda mpaka watu wakachoka kushangaa. Barabarani watoto walimwita Kigingi kwa jina na wakubwa walimpa mkono. Yeye alikuwa anawapungia kama mtu anayefukuza nzi. Mchana, mazoezi yakisimama, alizoea kushuka kwangu na kukaa juu ya rundo la sponji. Juu walikuwa wanafunga mapazia siku nzima ili mwanga usipige skrini, na alisema siku nyingine anashuka ili tu ajue kama kuna jua.

Hakuwachukia wageni. Kigingi alimsifu sana Taratibu. Alisema ana mikono ya mpishi na macho ya mwizi. Mara nyingi walishuka pamoja, wakakaa kwenye ngazi wakigawana karanga, mmoja akimfundisha mwenzake matusi ya kwao. Kilichomkera kilikuwa kitu kingine, na siku moja alikisema huku akichuna sponji vipande vipande.

"Mjomba, lile daraja, sijui kama alininyang'anya au nilimwachia. Angeninyang'anya ningelala usingizi."

Alikuwa ameshakwenda kwa meneja kuomba washindanishwe, yeye na Taratibu, atakayeshindwa akalinde lango. Meneja alimwuliza nani anatikisa chungu kinachochemka vizuri. Akarudi tena, akaomba aruhusiwe kwenda timu ndogo, hata ya mkiani, mradi asimame darajani. Safari hii meneja alimkalisha na kumsemesha kwa upole, na upole wa meneja tulikuwa tunaujua. Alimkumbusha mkataba: akiondoka kabla haujaisha, hakai kwenye kiti cha timu yoyote ya ligi. Alimkumbusha kwamba wenyeji wanaojua hata hicho kidogo ni wachache, na akitoka yeye timu inapungukiwa na mwenyeji mmoja na haiwezi kucheza. Kisha akauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, shangazi atakwenda kupika wapi.

"Wewe ndiye mwenyeji wetu," alimwambia. "Kazi ya mwenyeji ni kuwepo."

Maneno hayo Kigingi aliniletea kibandani yakiwa bado ya moto.

Baadaye ligi ikatangaza mkutano. Timu kubwa zilitaka sheria ifutwe, anayeweza achezeshwe, awe amezaliwa popote. Wengine walitaka ibaki ilivyo. Wengine walitaka iongezwe, wenyeji wawe watatu. Mchezaji yeyote angeweza kusimama na kusema. Kwa siku kadhaa hapakuwa na habari nyingine chini ya ngazi zile.

Mama Pindo alikuwa upande wa wageni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. Tikiti akamjibu kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe, lakini hawa wamepewa jembe, shamba na mavuno. Mama Pindo akamwuliza yeye Tikiti anavuna nini, maana kila akitazama mchezo anamwona amekufa, anangoja kufufuka. Tikiti alicheka na sisi. Kisha akaacha kucheka.

Akamgeukia Kigingi. Alisema anajua yeye si mzuri, hahitaji kuambiwa na cherehani. Lakini amekuwa hodari kiasi hiki kwa sababu ya kukaa na kupigwa na wazuri kila siku, na bila sheria asingekaa. Kuna watoto kule ukumbini wenye vidole vyepesi kuliko vyao wote. Sheria ikifutwa wataishia kutazama tu.

"Ukisimama kule ukasema ifutwe," alisema, "mkeka utakaouvuta nimeukalia mimi."

Kigingi aliinama, akachuna sponji. Nilikuwa na sindano mdomoni, nikaendelea na kazi. Kila mmoja wao akisema niliona ana haki. Tikiti alipoondoka, Kigingi alibaki ameinama. Alisema huenda viti vyote vikiachwa wazi atatupwa nje siku hiyo hiyo. Angalau atajua.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kukodi, na mimi nilikuwepo kwa sababu viti vyao vilikuwa vimechanika na niliitwa kuviziba. Nikamaliza nikabaki nyuma kabisa, karibu na mlango, nyundo mapajani. Walisema wengi, kwa Kiswahili kirefu. Kisha Kigingi akasimama. Meneja wake alikuwa ameketi mstari wa mbele na hakugeuka.

Alianza vibaya, akakohoa, akaanza upya. Alisema hataki wageni wafukuzwe, na hataki watoto wa ukumbini wakose mahali. Wenyeji watengewe viti, sawa, lakini kila kiti kishindaniwe, cha mwenyeji na cha mgeni, kila msimu, na anayetaka kuondoka aachwe aondoke. Watu walikuwa wananong'onezana. Nadhani aliona hawamsikii, maana aliacha alichokuwa amejiandaa kusema.

"Mbuzi hula urefu wa kamba yake," alisema. "Wageni wana kamba, na nyinyi wenye timu mna kamba. Mimi ni kigingi. Kigingi hakili."

Ukumbi ukacheka. Walidhani anatania kwa jina lake. Hata mwenyekiti alifuta machozi, akasema kijana huyu ana kipaji cha pili. Kisha akageuka akawa mzito, akamnyooshea mkono na kuwaambia watu wamtazame vizuri: bila sheria hii, kijana kama huyu wangemjulia wapi? Leo ni bingwa. Wakampigia makofi yeye akiwa bado amesimama, hajui kama amemaliza au amekatizwa. Walipopiga kura, mikono mingi ilikwenda kwenye kuongeza. Wenyeji wakawa watatu.

Basi mgeni mmoja ilibidi aondoke, na meneja akamchagua Taratibu kwa sababu mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha.

Wao wawili walipanga jambo lao. Asubuhi ya kuondoka, kabla wengine hawajaamka, wangecheza peke yao, mmoja kwa mmoja, darajani. Kigingi aliniambia jana yake, na nilimwona mara ya kwanza baada ya muda mrefu akitembea kama mtu mwenye mahali pa kwenda. Asubuhi hiyo niliwahi kufungua kibanda. Gari la kumpeleka Taratibu uwanja wa ndege nalo liliwahi. Dereva alipiga honi, meneja akashuka na begi la Taratibu mkononi, na nyuma yao wakaja wale wawili, Kigingi hedifoni bado zinaning'inia shingoni.

"Mmecheza?" nilimwuliza.

Akatikisa kichwa. Kompyuta zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka.

Taratibu alimkumbatia. Akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Njoo kwetu. Cheza huko." Kisha akasita, akahesabu kitu kichwani, akaanza kucheka. "Ah. Kwetu wewe mgeni. Viti vya wageni, vimejaa."

Walicheka wote wawili wakiwa wameshikana mabega. Gari lilipokata kona Kigingi alikuwa bado ana kile kicheko usoni, ila hakikuwa na sauti.

Nilidhani sasa angalau daraja litakuwa lake. Meneja alimweka mmoja wa wale wageni wawili waliobaki. Alisema Kigingi ameshalizoea lango, na mtu haondolewi alipozoea. Mwenyeji wa tatu alikuwa kijana wa ukumbini, mwepesi kweli wa vidole kama Tikiti alivyosema, naye akawekwa ubavuni mwa lango na kuambiwa asiguse kitu. Na kwa kuwa wenyeji sasa walikuwa wakitafutwa kama sindano iliyoangukia majani, meneja akatumia kipengele cha mkataba kinachoiruhusu timu kumbakiza mchezaji bila kumwuliza. Shangazi alifurahi. Alishuka kwangu na sahani ya kuonja, akasema mtoto ameongezewa muda kazini, si wote wanaopata bahati hiyo. Nikamwambia hongera.

Mwisho wa msimu timu ilihama. Ilipata nyumba kubwa upande wa pili wa mji, yenye ukuta na geti. Lori lilikuja mchana, na wapakiaji wakashusha meza, mashine na masufuria ya shangazi. Viti vya wengine vilikuwa vipya. Nilikuwa chini nashona mto niliposikia magurudumu yakizunguka, nikainua macho, nikaona viatu, kisha magoti, kisha kiti kichwani, kichwa chini miguu juu.

Alikitua mbele ya kibanda akakikalia kungoja lori lijae. Nikamtazama na nikaona jambo ambalo sijui kwa nini sikuliona mapema. Magoti yake yalikuwa yamepanda juu, karibu na kifua. Alikaa kama mtu mzima aliyekalia kigoda cha mtoto.

Aliona ninapotazama.

"Nimekua, mjomba," alisema. "Kiti hakijui."

Niliacha mto. Nilimwambia anisubiri kidogo, bomba ninalo, nitakata refu zaidi, hata lori halijajaa nitakuwa nimemaliza. Nilikuwa nimeshachukua msumeno. Meneja akaita kutoka kwenye lori, mara moja, bila kupaza sauti. Kigingi akainuka, akakiinamia kiti, akakigeuza na kukirudisha kichwani, akakiweka sawa kwa mikono miwili.

"Acha tu, mjomba. Nitakunja miguu."