Bunduki Aliyonichongea Baba

Juzi niliona kwenye simu jinsi kauboi wa runinga niliyemtazama utotoni alivyoweza kuzungusha bunduki kwa mkono mmoja: mtutu ulikuwa umekatwa makusudi uwe mfupi, na kishikio cha kukokia kikapanuliwa ili vidole vipite.

Nikakumbuka alasiri moja kijijini Wamunyu, kwenye karakana yetu, harufu ya mti wa muhugu uliochongwa, na bunduki ya mbao aliyonichongea baba, ndefu kunishinda. Niliizungusha kama kauboi yule. Ikanigonga kwapani, ikaruka, ikavunja shingo ya twiga wa mbao aliyekuwa tayari kuuzwa.

"Huu mkono si wa kuchonga," baba alisema. Tezo yake ya kuchongea akampa ndugu yangu Mutua.

Niliamini. Nilidhani kauboi alizaliwa na mkono bora. Sasa baba ameshazikwa, Mutua ana karakana, nami nafungulia watu geti Syokimau, kwa mkono ambao haukuwa na kosa.