Maneno Kumi na Mawili ya Chama

Chama cha mama yangu, pale Misikhu, kilikuwa kimeweka akiba miaka mingi kununua mashine ya kusaga mahindi. Kila wakikaribia, bei inapanda. Mmoja wao akasikia habari za sarafu mpya ya mtandaoni, na mama akanipigia simu Kitale.

"Wewe huamini kitu. Hebu ikague hii."

Nikaikagua wiki nzima chumbani kwangu, mtaa wa Tuwan. Je, waanzilishi walijigawia fungu kabla ya wengine? Kuna mtu anayeweza kuongeza sarafu apendavyo? Programu yake iko wazi, isomwe na yeyote? Kwa mara ya kwanza maishani sikupata kasoro. Nikawaambia ni safi.

Nikaenda kuwafungulia pochi ya sarafu hiyo kwenye simu ya katibu, na akiba yote ikaingia humo. Nikamsomea maneno kumi na mawili ambayo ndiyo ufunguo wake. Anayeyajua anachukua kila kitu. Nikamwambia ayaandike mahali ambapo hayatapotea.

Mwezi uliofuata nilihudhuria mkutano. Baada ya sala, katibu akafungua daftari la kumbukumbu na kusoma yaliyopita, kama desturi yao. Alipofika kwenye yale maneno, akayasoma moja moja, kwa sauti ya kutangaza.

Nikaruka. "Acha! Hiyo ni siri!"

"Siri gani?" mama mmoja akanikemea. "Wewe mtoto wa chuo, hapa hatufichani. Si ndiyo maana hakuna mtu ameibia hii chama?"

"Na picha ya hii page nilituma kwa grupu," katibu akasema, "ndio wale hawakukuja wasome. Kama kila mwezi, bana."

"Nani anathibitisha kumbukumbu?" mwenyekiti akauliza. Mikono ikainuka.

Nikaomba simu. Pochi ilikuwa tupu tangu Jumanne.

"Si upigie ofisi yao warudishe," mama akasema.

"Hawana ofisi, Mama."

Hilo ndilo nililokuwa nimelisifu mbele yao: hakuna bosi wa kuingilia pesa zenu. Nilikuwa nimewachunguza waanzilishi wa ng'ambo nisiowajua, nikasahau kuuliza daftari la hapa linasomwa na nani.

Rekodi za sarafu ile ziko wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo tuliona saa ambayo sarafu za chama ziliondoka na zilikokwenda: mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Mama akavaa miwani, akausoma wote, akaurudia tangu mwanzo, akitafuta jina. Kisha akainua macho kuwatazama wenzake. Walikuwa tayari wanatazamana.