Sahani ya Mzee Sitaki

Kila mchana, chakula kikishaiva, mwandishi hupakua sahani mbili. Huziweka kwenye meza ndogo iliyo karibu na dirisha, ambako mwanga huingia vizuri, moja upande huu na nyingine upande ule. Kisha huchota kijiko kimoja kikubwa kutoka sahani ya pili na kuacha shimo, kama vile mtu alianza kula akaitwa mlangoni. Kwenye kiti cha upande huo hutundika koti la kiume alilolinunua kwa wauza mitumba. Hupiga picha tatu nne. Halafu hulirudisha koti kabatini, na chakula cha sahani ya pili hukirudisha sufuriani.

Binti wa dada yake alipoyaona hayo kwa mara ya kwanza alidhani kuna mgeni anayetarajiwa. Alikuwa amefika jana yake, na begi moja la nguo na mawili ya vitabu. Alikuwa amemaliza chuo, na mama yake alimtuma akakae kwa mama mdogo huku akitafuta kazi. Hakuwa mtu wa maneno. Alisimama tu kwenye mlango wa jiko, akaangalia kiti kisicho na mtu, akaangalia shimo kwenye wali.

"Msalimie baba yako mdogo," mama mdogo akamwambia bila kugeuka. "Usimdharau. Ndiye anayetulisha."

Na kweli ndiye aliyekuwa akiwalisha. Mama mdogo alikuwa mwandishi wa kujitegemea, yaani hakuwa na ofisi, hakuwa na bosi mmoja, na hakuwa na likizo. Aliandika maelezo ya nyuma ya pakiti za unga. Aliandika vijitabu vinavyokuja na majiko mapya, ambavyo hakuna anayevisoma. Lakini kodi ya nyumba ilitoka kwenye ukurasa wake wa mapishi katika gazeti la mwisho wa wiki, na mwenye ukurasa ule hasa hakuwa yeye. Alikuwa Mzee Sitaki.

Mzee Sitaki alizaliwa katika makala ya kwanza kabisa, mama mdogo akiwa bado ameolewa. Siku hiyo aliandika kwamba mume wake amesukuma sahani ya biringanya na kusema, "Sitaki." Akaeleza jinsi alivyolichoma biringanya lile kwenye moto, akaliponda na kitunguu saumu, akalipeleka tena mezani likiwa limebadilika sura, na mume akala, akainua sahani na kusema, "Ongeza kidogo." Wasomaji walicheka mpaka basi. Mhariri akataka nyingine ya namna ile, na nyingine tena. Mwaka haujaisha, mume akafunga virago vyake akaondoka, kimyakimya, bila hata kuvunja glasi. Wiki ileile makala ilikuwa inadaiwa. Mama mdogo alikaa mbele ya kompyuta asijue mtu anaandikaje habari ya sufuria ambayo haina mlaji. Basi akaandika kwamba Mzee Sitaki amekataa dengu.

Tangu hapo alikataa kila kitu. Alikataa kabichi, alikataa mchicha, alikataa supu ya maboga akisema hana homa. Wanawake walimwandikia salamu. Mmoja alituma ushauri kuhusu gesi ya tumboni. Mwingine aliapa kwamba mume wake na Mzee Sitaki wamezaliwa tumbo moja. Hata muuza vitunguu wa pale kona, akimwona mama mdogo anapita na kapu, alikuwa anapaza sauti: "Leo amekataa nini?" Na mama mdogo alikuwa anasimama, anacheka kidogo, anatafuta jibu.

Binti aliyasikia hayo yote vipande vipande, kwa sababu mama mdogo alikuwa na desturi ya kuongea huku anakatakata vitu. Aliyaona na mengine ambayo hakuambiwa. Mama mdogo hakuwahi kualika mtu nyumbani. Mtu akigonga, yeye hutoka nje na kuurudishia mlango nyuma yake. Na kwenye friji, nyuma ya vyakula vya picha, kulikuwa na nusu kitunguu kilichofungwa kwenye karatasi, robo ya kabichi, na sufuria ndogo kama kikombe.

Asubuhi moja mama mdogo alimwita kwenye kompyuta. "Wewe umesoma. Nisomee hii, uniambie ukweli. Usinipake mafuta."

Makala iliitwa "Sufuria Ndogo". Ilianza hivi: "Wasomaji wangu, mimi napika kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi." Hakukuwa na mzee. Kulikuwa na dengu kiganja kimoja ambazo huungua kabla hujavuta kiti. Kulikuwa na mfuniko uliozidi sufuria, na mkate unaoota ukungu kabla hujafika nusu yake, na namna ya kukata kitunguu ili nusu inayobaki isilie machozi kwenye friji. Kulikuwa na yai moja. Aya nzima ilikuwa ya yai moja, na binti, ambaye kichwa chake kilikuwa kimejaa vitabu, aliirudia aya ile tangu mwanzo.

"Hii ndiyo," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo yako."

Mama mdogo alipiga moyo konde, akaituma. Chini yake aliongeza mstari kwa mhariri: Mzee Sitaki amestaafu, na kuanzia sasa ukurasa utakuwa wa Sufuria Ndogo. Siku ile alipakua sahani moja tu. Alikula amekaa, koti likiwa kabatini.

Simu ya mhariri iliita kesho yake, jiko likiwa limejaa watu kuliko kawaida, maana friji ilikuwa imegoma na fundi alikuwa amepiga magoti nyuma yake. Mikono ya mama mdogo ilikuwa kwenye unga. Akampa binti ishara, naye akaiweka simu mezani na kuwasha spika.

"Dada yangu," mhariri alianza, "unajua ninavyokuheshimu."

"Ukianza na heshima najua nimekwisha. Sema."

"Makala nzuri sana. Mimi mwenyewe nimeisoma mara mbili. Lakini watu hawasomi mayai, dada. Wanamsoma mzee."

"Mzee amechoka."

"Mzee hachoki! Ana wasomaji kuliko sisi wote hapa ofisini."

"Basi asafiri."

"Aende wapi? Akisafiri wataanza kuuliza huko anapikiwa na nani. Unataka kuniletea kesi?"

Nyuma ya friji fundi alikohoa. Kilikuwa kicheko, lakini alikivalisha kikohozi.

"Sikiliza," mhariri aliendelea, na sasa sauti ilipungua utani. "Toleo lijalo ni la kuadhimisha ukurasa wako. Wakubwa wanataka picha ya mzee. Hata mgongo, hatutaki sura. Picha na makala ya kawaida, kabla ya jioni. Kama haiwezekani, kuna kijana hapa mwenye ndevu anapika kwenye video, wanamtaka sana. Mimi nimekutetea mpaka nimekauka. Uamuzi ni wako."

Simu ikakatika. Unga ulikuwa umeanza kukauka kwenye vidole vya mama mdogo. Binti aliangalia sakafu. Alitaka kusema, "Mwache kijana apike," lakini aliyakumbuka mabegi yake matatu chumbani, na kodi ya nyumba ambayo yeye hakuwa akichangia hata kidogo.

Fundi alijitokeza polepole, bisibisi mkononi. Alikuwa mtu mzima mwenye mabega mapana na kipara kinachong'aa. "Samahani, mama," alisema. "Sikuwa nasikiliza, ila nimesikia. Kama ni mgongo tu, mimi ninao."

Kisha mama mdogo akanawa mikono, akaenda kabatini.

Koti lilimkaa fundi vizuri, isipokuwa kwapani lilibana. Alikalishwa kwenye kile kiti, uso dirishani. Mama mdogo alipasha biringanya la jana kwenye sufuria kubwa, akapakua sahani mbili, akainua simu kupiga picha.

"Kula kidogo, ili mkono uonekane," alimwambia.

Fundi alionja. Akatafuna taratibu. Akaweka kijiko chini.

"Vipi?" mama mdogo aliuliza.

"Nisikudanganye, mama?"

"Sema."

"Mimi biringanya silipendi. Tangu utotoni. Na hili linataka ndimu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, kwa heshima zote... sitaki."

Mama mdogo aliishusha simu. Alicheka kwanza puani, kisha kwa kinywa kizima, akashika ukingo wa meza, machozi yakamtoka. "Rudia," alisema. "Rudia tena hilo neno." Fundi, akidhani yumo kwenye mchezo, alirudia kwa kujikweza, mkono kiunoni, na mama mdogo akakamulia ndimu kwenye sahani yake na kumrudishia, akisimama karibu kuona atafanya nini. Alikula vijiko viwili. "Afadhali," alikiri. Hakuomba aongezwe.

Picha zilikuwa nzuri. Baada ya fundi kuondoka, mama mdogo aliandika makala kwa kasi, bila kusimama hata kunywa maji: Mzee Sitaki amekataa biringanya, kama siku ya kwanza, na ndimu ndiyo iliyomgeuza. Mwishoni mzee aliinua sahani na kusema, "Ongeza kidogo." Jibu la mhariri lilirudi kabla jua halijazama. Mgongo wenyewe huo! Wakubwa wamefurahi mno, wanataka kitabu kizima, na wanataka kila mwezi picha moja ya mzee. "Sufuria Ndogo" ameiweka akiba, mhariri aliandika, tutaona.

"Tutaona," mama mdogo alirudia, akaifunga kompyuta.

Waliosha vyombo pamoja, mama mdogo akisugua, binti akisuuza. Sahani ya pili ilikuwa bado mezani, biringanya limebaki nusu. Koti lilikuwa bado kitini, na safari hii hakuna aliyelitundua. Binti alileta sahani ile, akaishika chini ya bomba muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Tangu afike nyumba ile hakuwa ameuliza kitu.

"Mama mdogo," alisema hatimaye, "baba mdogo, yule wa kweli, alikuwa anasumbua hivi kwenye chakula?"

Mama mdogo alikuwa ameinamia sufuria kubwa, mkono ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Alikuwa anakula chochote nilichompa, anamaliza, anaondoka mezani. Hakuwahi kusema neno."