Daktari alisema Papa "anaweza" kupona

Wakuu, nawasalimu kutoka Rusizi, huku mpakani na Bukavu. Haya yametokea nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi. Wanaopenda mambo ya lugha mtanisaidia, maana neno moja limeigawa familia yangu.

Papa alianguka shambani Nyakarenzo. Stroke. Tulimfikisha hospitali hawezi kusema, upande mmoja umekufa ganzi.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alimpima taratibu, akamgeukia Maman, akasema kwa Kinyarwanda: "Ashobora gukira."

Maman amekulia Bukavu, Kinyarwanda chake ni cha kuungaunga. Muuguzi akamfasiria: "Maman, anaweza pona."

Maman akatoka nje, akampigia kaka yangu mkubwa, Innocent, anayefanya kazi Uvira. Nilikuwa kando yake.

"Docteur anasema Papa anaweza pona. Usiache kazi. Utakuja kumukuta muzima."

Innocent alikuwa ameshafunga begi. Akalifungua.

Niwaeleze kidogo. Sisi tuliokulia Kiswahili cha Kivu, neno "huenda" tunalisikia redioni tu. Mtu akiwa na shaka anasema "pengine", au "peut-être". Ukisema fulani anaweza, tunaelewa ana nguvu. Anaweza beba gunia, anaweza vuka na mzigo.

Basi Maman akawa anakaa kitandani kwa Papa, anamnyoosha vidole kimoja kimoja.

"Docteur amesema unaweza."

Anamwambia hivyo kutwa nzima, kama vile mzee ndiye anayekataa.

Papa alifariki asubuhi, Maman akiwa amemshika mkono.

Innocent alivuka mpaka pale daraja la Rusizi I, akafika kwetu jeneza limeshafungwa. Hakulia. Alimuuliza Maman mbele ya watu:

"Si uliniambia anaweza?"

"Docteur alisema anaweza," Maman akajibu. "Sikutunga."

Baada ya mazishi nilirudi kwa daktari. Sikwenda kugombana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema alimaanisha wapo wanaopona na wapo wasiopona.

Nikafungua kamusi niliyo nayo. Kwenye "weza", maana ya kwanza ni kuwa na nguvu au uwezo wa kutenda jambo. Ile ya jambo ambalo labda litatokea, labda halitatokea, niliikuta chini, imepewa mstari mmoja.

Maman alishika ya juu. Daktari alikusudia ya chini.

Hakuna aliyedanganya, wakuu, na hilo ndilo linaloniumiza. Sina wa kumkasirikia.

Innocent hajampigia Maman tangu tuzike. Maman naye ameacha kupeleka mboga Bukavu, anashinda ndani.

Nilichojifunza: ukiambiwa mgonjwa wako anaweza kupona, uliza hapohapo kama anaweza na kufa. Ni swali linalochoma mdomo. Liulize, halafu waite watoto wote waje.

Wataalamu wa lugha, na ninyi mliowahi kuambiwa hivyo hospitali, nitasoma kila mtakachoandika. Mwenye neno la kumwambia Maman aliweke hapa chini. Mimi sijalipata.