Maboresho Madogo

Kibandani kwa Cansilde, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, simu zilichajiwa kwa umeme wa jua, na programu zilihamishwa simu kwa simu. Ndiyo desturi ya kambi: mmoja anachoma bando kupakua, wengine wanapokea kwake bure. Hivyo ndivyo alivyompa rafiki yake Aurore programu ya kutafutia ndugu waliopotezana njiani. Aurore alimtafuta dada yake. Lakini pia alikuwa na mume ambaye yeye alimkimbia kule Burundi, mwenye mkono mwepesi wa kupiga.

"Hii haitanionyesha nilipo?"

"Mimi nikupe kitu kibaya, mama Doriane?"

Baadaye kampuni yenye programu hiyo ikaleta sasisho. Maelezo yalisema: maboresho madogo na rangi mpya. Cansilde akacheka. "Nichome bando kwa ajili ya rangi?" Akaendelea kugawa ile ya zamani.

Jumapili moja, wakitoka misa, walimkuta yule mume mlangoni kwa Aurore. Majirani walimfukuza, naye akaondoka akitamba: "Nitarudi! Programu yenu imenionyesha fasi mnalala. Kuna watu wanauza hizo habari."

Kesho yake Cansilde alipanda gari hadi Mbarara, kwenye ofisi ya kampuni. Kijana aliyempokea alisikiliza kisa chote, hakushtuka hata kidogo.

"Nyabo, mama, tundu hilo la kuvujisha mahali watu walipo tuliliziba zamani. Hukuweka apdeti?"

"Mliandika rangi."

"Tungetaja tundu, wezi wa habari wangejua."

"Wezi walijua. Sisi ndio hatukujua."

Kijana akashusha sauti. "Bosi alihofia watu wataikimbia programu."

"Basi mngesema tu: hii ni ya usalama, iweke leo. Tundu lenyewe mngelieleza baadaye, watu wakishajikinga. Na hizo rangi mngezileta siku nyingine, ili hii iwe nyepesi, hata mwenye kibando kidogo aiweze. Tuliwakabidhi watu wetu, nyinyi mkalinda jina lenu!"

Kijana akampa kalamu yenye nembo ya kampuni. Cansilde akaiacha mezani.

Aliporudi kambini, alimkuta Aurore akifunga mizigo, mtoto wake Doriane mgongoni.

"Walinidanganya, Aurore. Waliandika rangi."

"Hao siwajui. Mimi nilikuuliza wewe."

Aurore akamwekea simu yake mkononi, imezimwa, akajitwika fuko lake. Cansilde alitaka kumuuliza anaelekea wapi. Mdomo ulishafunguka. Akaufunga, akasimama pale mpaka rafiki yake akapotelea nyuma ya migomba.